UZI: Riwaya za mwanzo za Wamormoni, na mji waliouhamishia kwenye karatasi

Mchokonozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kona ya fasihi ya Marekani ambayo hata Wamarekani wengi hawaijui: hadithi za kubuni za Wamormoni wa mwanzo, hasa zilizoandikwa kati ya miaka ya 1880 na 1920. Nyingi zinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa hakimiliki zake zilishakwisha. Siwadanganyi kwamba ni fasihi ya kutikisa dunia. Nyingine utazisoma huku unapiga miayo. Ila zina tabia moja iliyonifanya nizifuatilie.

Katika riwaya nyingi za Ulaya na Marekani za zama hizo, kijana anatoka kwao, anaingia mjini, anapambana na walimwengu, mwisho anakuwa mtu wa kujitegemea. Hawa wenzetu wamegeuza. Kijana wao anaanza akiwa peke yake na anamaliza akiwa na shamba kando ya mfereji, zamu yake ya maji, nafasi yake kwenye mkutano wa Jumapili, na majirani wanaojua mpaka jina la bibi yake. Mapenzi, uongofu, hata kifo, vyote vinaelekea huko. Kuingizwa ndani ya jamii ndiyo tuzo ya mhusika.

Hoja yangu ni kwamba hadithi hizi zilianza kumiminika wakati jamii yenyewe, ile ya mabonde ya Utah, inavunjwavunjwa na serikali, reli na biashara. Kilichokuwa kinawaponyoka ardhini walikihamishia kwenye karatasi.

Mwenye hamu ya kubishana kama dini yao ni ya kweli au la, jukwaa la dini liko pale juu. Hapa tunasoma vitabu.

Historia kwa kasi, kwa wasioijua. Joseph Smith alianzisha kanisa la Wamormoni tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, jimbo la New York. Tangu mwanzo hawakutaka kuwa watu wa kusali pamoja kisha kila mtu kwake. Walitaka mji. Mwaka 1833 Smith alitoa ramani ya mji wa Sayuni: mitaa iliyonyooka, mahekalu katikati, mashamba nje ya makazi. Ulikusudiwa kujengwa Independence, Missouri. Wakafukuzwa Missouri. Wakajenga Nauvoo, Illinois, kando ya mto Mississippi. Juni 1844 Smith akauawa na genge lenye silaha akiwa jela ya Carthage, na Februari 1846 watu wakaanza kuvuka mto kwenda magharibi chini ya Brigham Young. Julai 1847 wakaingia Bonde la Salt Lake. Siku moja kabla Young mwenyewe hajawasili, waliotangulia walishaziba kijito cha City Creek na kumwaga maji shambani, kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kukataa plau. Kazi yao ya kwanza ya pamoja bondeni ilikuwa maji, na mtaona maji hayo yanavyoingia kwenye riwaya.

Kwa miaka 40 baada ya hapo, riwaya hakuna. Hadithi ya kubuni inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Mmormoni ni mazungumzo ya kuchekesha kati ya Joseph Smith na Ibilisi, aliyoyaandika Parley P. Pratt na kutoka katika gazeti la New York Herald mwaka 1844. Baada yake, wapi. Brigham Young alizichukia riwaya, aliona zinawaharibia vijana akili na kuwapotezea muda. Na kusema kweli, watu walikuwa na mifereji ya kuchimba.

Halafu Juni 1888, Orson F. Whitney, askofu na mshairi, anasimama mbele ya vijana na kusema: tunahitaji fasihi yetu wenyewe, fasihi ya nyumbani, na ipo siku tutakuwa na akina Milton na Shakespeare wetu. Vuguvugu zima likachukua jina hilo.

Kwa nini mwaka 1888 na siyo 1858? Nakuja.

Kiti_cha_Mbele

Naweka kambi. Mkuu shusha nondo, usituache na arosto.

Baba Levina

Mimi Wamormoni nawajua kupitia Sherlock Holmes tu. Kile kitabu cha kwanza, nusu yake iko Utah, wazee wanamlazimisha binti kuolewa, baba mtu anauawa. Nilikisoma sekondari nikaota ndoto mbaya. Kwa hiyo hawa watu waliandika na za kwao?

Mchokonozi

@Baba Levina, umenirahisishia kazi. A Study in Scarlet ilitoka mwaka 1887. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alikuwa hajakanyaga Utah wakati huo. Na hakuwa wa kwanza: tangu miaka ya 1850 vitabu vya kuwatisha watu kuhusu Wamormoni vilikuwa biashara nzuri. Katika vitabu hivyo jamii ya Kimormoni ni gereza. Milima ndiyo kuta zake, jirani ni mpelelezi, na mwanamke akiingia hatoki. Tuzo ya mhusika ni kutoroka.

Sasa weka mwaka huo huo, 1887, upande wa sheria. Bunge la Marekani lilikuwa limeshapitisha sheria ya mwaka 1882 ya kuwafunga wanaume wenye wake wengi. Mwaka 1887 ikaja sheria ya Edmunds-Tucker. Hiyo ilivunja kanisa kama chombo cha kisheria, ikaruhusu mali zake zitaifishwe, ikafuta Mfuko wa Kudumu wa Uhamiaji uliokuwapo tangu 1849 na uliokuwa ukiwakopesha waongofu maskini wa Ulaya nauli ya kufika Utah, na ikawanyang'anya wanawake wa Utah kura waliyokuwa nayo tangu 1870. Viongozi walikuwa mafichoni. Rais wa kanisa, John Taylor, alifariki Julai 1887 akiwa amejificha.

Tena kabla ya hapo mambo mengine yalishalegea yenyewe. Reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869, pale Promontory, ikaleta bidhaa na watu wa Mataifa (ndivyo walivyowaita wasio Wamormoni). Mwaka 1874 Brigham Young alihimiza miji iingie kwenye Mpango wa Umoja, watu waunganishe mali na kazi. Mahali pengi haukumaliza hata miaka michache. Mwaka 1890 Wilford Woodruff akatangaza mwisho wa ndoa za mitala, na Januari 1896 Utah ikawa jimbo kama majimbo mengine.

Whitney alitoa hotuba yake katikati ya kipindi hicho. Jamii yako ikiitwa gereza na kila mwandishi wa London, na polisi wanagonga mlango, kuandika hadithi ambamo jamii hiyo ndiyo nyumbani kunakuwa sehemu ya ulinzi.

Tarimo wa Kiborloni

Kwa hiyo tuite jina lake mkuu: propaganda.

Mchokonozi

@Tarimo, nyingine ni propaganda kweli, wala sikwepi. Nephi Anderson, mmoja wa waandishi wa fasihi hiyo ya nyumbani, mwenyewe aliandika mwaka 1898 kwamba hadithi nzuri ni mahubiri yenye usanii. Mtu akikwambia hivyo mlangoni huwezi kumshtaki kwa kukuhubiria ukiwa ndani. Swali langu ni: amehubiri nini hasa? Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu alichohubiri zaidi ya mafundisho ya kanisa ni namna watu wanavyopaswa kuishi jirani.

Huyu Anderson alizaliwa Christiania (leo Oslo), Norway, mwaka 1865, akahamia Utah na wazazi wake akiwa mtoto. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni zao la ule mpango wa kuwakusanya waongofu. Mwaka 1898 alitoa riwaya iitwayo Added Upon, iliyochapishwa tena na tena kwa miongo mingi. Msuko wake ni wa ajabu. Inaanzia mbinguni, kabla watu hawajazaliwa. Roho zinafahamiana huko, zinapendana, zinaagana zikienda duniani. Sehemu ya pili iko duniani: kijana Rupert Ames, wa shamba la Dry Bench huko magharibi, na binti wa Kinorway, Signe Dahl. Kisha wanakufa, hadithi inaendelea katika ulimwengu wa roho. Kisha ufufuo na ile miaka elfu ya Kristo kutawala duniani. Wahusika ni wale wale kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kisanaa ina makovu. Mazungumzo ni makavu, na sehemu ya mbinguni kila mtu anazungumza kama anasoma risala. Lakini fikiria alichofanya na dhana ya jamii. Mji wa Independence ulipotea. Nauvoo ulipotea. Utah inayeyuka ndani ya Marekani. Anderson anasema: sawa, jamii yetu haikuanzia Nauvoo na haiishii Utah. Ilikuwapo kabla hamjazaliwa, na hakuna hakimu wa serikali mwenye mamlaka ya kuifuta. Hata Rupert na Signe wanapokutana duniani, msomaji anajua kwamba watu hawa wanaungana upya. Hakuna mgeni kamili.

Nyota ya Umoja

Habari zenu. Mimi ni muumini, niko Nairobi. Kwa jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Niseme ukweli, katika kata yetu (ndivyo tunavyoita usharika) sijawahi kusikia mtu akimtaja Nephi Anderson. Safari ya mikokoteni ya 1856 tunaijua, watu waliokufa kwa theluji njiani tunawajua. Riwaya hapana.

Swali langu kaka. Wahusika hawa wanahama. Wanaacha Norway, wanaacha Uingereza, wanaenda Utah, ndiyo wanapata jamii. Sisi leo tunafundishwa tujenge Sayuni hapa tulipo, hatuambiwi tuhame. Sasa hadithi hizo zinasema nini kuhusu ndugu waliobaki nyuma? Maana mimi ndiye peke yangu kwetu niliyebatizwa.

Mchokonozi

@Nyota ya Umoja, asante dada. Ni swali ambalo riwaya yenyewe inalibeba.

Uhamaji ulikuwa na gharama na Anderson aliijua. Ndiyo maana ulimwengu wa roho unapewa nafasi kubwa vile katika Added Upon. Hapo wafu wanafundishwa injili, ukoo uliokatika kwa bahari unaungwa tena, na walio hai wanafanya ibada za hekaluni kwa niaba ya waliotangulia. Hekalu la Salt Lake lilizinduliwa Aprili 1893 baada ya miaka 40 ya ujenzi, na mwaka uliofuata ikaundwa Jumuiya ya Nasaba ya Utah. Baadaye Anderson alikuja kufanya kazi katika jumuiya hiyo hiyo. Mtu aliyekuja kushinda na majina ya wafu kazini alishaandika riwaya ambamo wafu ni wanajamii wenye majukumu. Kwa hiyo jibu lake kwa waliobaki nyuma ni kwamba muda wao haujakwisha. Kama jibu hilo linamtosheleza mtu aliye peke yake kwao leo, hilo utaniambia wewe.

Nyota ya Umoja

Linanitosheleza siku nyingine. Siku nyingine natamani tu mama aje tukae benchi moja.

Kapteni Mstaafu

Mkuu, hiyo sehemu ya miaka elfu ikoje? Wanakaa wanaimba tu?

Mchokonozi

@Kapteni, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haiimbi sana. Mfalme wa Poland anakuja kuutembelea mji mtakatifu pamoja na mshauri wake aitwaye Remand. (Wakati Anderson anaandika, Poland ilikuwa haipo kwenye ramani, imegawanwa na Urusi, Ujerumani na Austria. Aliipa mfalme kabla haijapewa nchi.) Wageni hao wanatembezwa, na wanauliza maswali ambayo mtu yeyote wa miaka ile ya migomo na viwanda angeuliza: mtaji ni wa nani, mfanyakazi anapata nini, ziada inakwenda wapi.

Yaani peponi, mazungumzo ni ya uchumi! Hapo unaona kivuli cha sheria ya uwekaji wakfu ya mwaka 1831, ambayo muumini alitakiwa kukabidhi mali kwa askofu na kurudishiwa usimamizi wa kile kinachomtosha, ziada iende ghalani kwa wahitaji. Missouri ilishindikana. Mpango wa Umoja wa 1874 ukafifia. Anderson akaupeleka mbele, mahali ambapo hakuna wa kuuvuruga.

Ambaye hakusubiri miaka elfu ni Josephine Spencer. Mwaka 1895 alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, The Senator from Utah and Other Tales of the Wasatch, na katika kadhaa ya hadithi zake ugomvi uko kati ya wenye mitaji na wafanyakazi. Mimi namuona ana kalamu kali kuliko Anderson, na nasikitika hatajwi. Yeye aliuliza jamii inafanyaje kazi sasa hivi, tajiri akiwa na kila kitu na mwenzake hana.

Tarimo wa Kiborloni

Kugawana, ghala la kijiji, ziada kwa wahitaji... Mwalimu alikuja kuyasoma haya au vipi? 😂

Mchokonozi

Hahaha @Tarimo, hapana, na tusianzishe uzi ndani ya uzi. Tofauti tu: kule muumini alikabidhi hati yake mwenyewe kwa askofu wake, na kutoka aliweza kutoka, japo aliyetoka hakuondoka na kila alichokuja nacho.

Ila umenikumbusha Orderville, kusini mwa Utah, kulikoanzishwa mwaka 1875. Huko walikula pamoja kwenye ukumbi mmoja na walivaa nguo zilizofumwa na kushonwa hapo hapo kijijini. Kuna simulizi ya suruali inayopendwa sana na wenyeji. Inasemwa kijana mmoja alikusanya sufu ya mikia ya kondoo iliyokatwa na kutupwa, akaiuza nje kimya kimya, akanunua suruali ya dukani, akaingia nayo dansini. Wazee wakamwita. Wakamsifu kwa bidii, wakamkumbusha kwamba mali ni ya wote, kisha suruali ikafumuliwa ili itumike kama kielelezo cha kukatia suruali za kijiji kizima. Kila kijana akaitaka, na zile za zamani ambazo hazijachakaa zikasusiwa. Iwe kweli au imetiwa chumvi, ina akili kuliko riwaya nyingi za fasihi ya nyumbani, kwa sababu inakubali kwamba mtu anaweza kuipenda jamii yake na bado akataka suruali nzuri.

Mama Salha

Nimesoma kimya kimya muda wote. Naomba kuuliza kuhusu wanawake. Maana jamii ikisifiwa sana huwa kuna mtu jikoni ambaye hakuulizwa.

Mchokonozi

@Mama Salha, shikamoo. Swali zito.

Kwanza, wanawake walikuwa waandishi na wahariri, tena mapema. Gazeti la Woman's Exponent lilianza 1872, na kwa miaka mingi mhariri wake alikuwa Emmeline B. Wells. Mwaka 1889 Susa Young Gates, binti wa Brigham Young, akaanzisha Young Woman's Journal kwa ajili ya wasichana. Hadithi nyingi za fasihi ya nyumbani zilitoka kwenye majarida ya namna hiyo. Jarida moja lilifika kijiji cha mlimani na kijiji cha jangwani, wasichana wasiojuana wakasubiri sura inayofuata ya hadithi ile ile.

Susa aliandika riwaya pia, John Stevens' Courtship, iliyotoka kama kitabu mwaka 1909. Inaanza tarehe 24 Julai 1857, watu wako kwenye korongo la Big Cottonwood wakisherehekea miaka kumi ya kufika bondeni. Kuna ngoma, vyakula, watoto. Wajumbe wanaingia na habari kwamba jeshi la Marekani liko njiani kuja Utah. Tukio hilo ni la kweli, sherehe na wajumbe vyote vilikuwapo. Kama mlango wa riwaya, sijaona mzuri zaidi katika kundi hili: unaiona jamii nzima ikiwa imekaa pamoja kwa furaha dakika chache kabla ya kutishiwa.

Baada ya hapo sasa, kuna wasichana wawili, Diantha na Ellen. Wanajeshi wamekuja na vitambaa vya heshima na maneno matamu. Diantha anarudi kwa John Stevens, mtu mkimya wa kwao. Ellen anamfuata ofisa wa jeshi, na anakufa.

Mama Salha

Marahaba mwanangu. Ndiyo hapo sasa. Aliyetoka nje ya uzio lazima afe ili waliobaki wajue. Na kaandika mwanamke.

Tarimo wa Kiborloni

Kumbe gereza la Conan Doyle na nyumba ya Susa zina uzio mmoja, tofauti ni nani kashika kalamu.

Mchokonozi

@Tarimo, hilo la uzio limenikaa. Nitabishana nalo kidogo tu: kwa Doyle hakuna anayecheka. Kwa Susa kuna mzaha, kuna wivu wa wasichana, kuna mapishi, kuna watu wanaochoshana. Alikulia katika nyumba ya Brigham Young, aliijua jamii kwa ndani. Lakini adhabu ya Ellen ipo, na hata mimi iliniudhi.

Mwana Lubumbashi

Bonsoir wote. Mimi niko Kongo, na kaka yangu ni wa kanisa hilo. Mwaka 2019 alisafiri mpaka Kinshasa, hekalu lilipofunguliwa. Nataka kuuliza jambo moja tu. Katika hizi riwaya zote za jamii na udugu, mtu mweusi yuko wapi?

Mchokonozi

@Mwana Lubumbashi, hayupo. Kama yupo ni kwa kupita, wala hapewi benchi.

Na hakuna anayeweza kusema ni kwa sababu hawakuwapo Utah. Green Flake, mtumwa, alikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa la mwaka 1847. Jane Manning, mwanamke huru mzaliwa wa Connecticut, alibatizwa na mwaka 1843 akaondoka na ndugu zake kwenda Nauvoo. Walipofika Buffalo walinyimwa usafiri wa majini, wakatembea kwa miguu njia yote iliyobaki, mamia ya maili, mpaka viatu vikaisha. Alifanya kazi nyumbani kwa Joseph Smith. Akafika Bonde la Salt Lake mwaka ule ule wa 1847, akaishi huko mpaka kifo chake mwaka 1908.

Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza hadharani kwamba wanaume weusi hawapewi ukuhani, na zuio hilo, pamoja na la ibada za hekaluni, lilidumu mpaka Juni 1978. Jane aliomba mara nyingi aruhusiwe ibada za kuunganishwa milele kama watu wengine. Mwaka 1894 walimkubalia kitu kingine: aunganishwe na familia ya Joseph Smith kama mtumishi. Ibada ikafanywa na mtu mwingine kwa niaba yake, naye yuko hai, mjini hapo hapo, haruhusiwi kuingia.

Miaka minne baadaye inatoka Added Upon, riwaya inayosema tulijuana sote kabla ya kuzaliwa. Nikisoma zile sura za mbinguni siwezi kumtoa Jane kichwani. Simulizi ya maisha yake, aliyomsimulia mtu akaandika, ni kurasa chache tu. Kwa mada ya mtu anayejenga jamii isiyotaka kumaliza kumpokea, naiweka juu ya riwaya zote nilizozitaja.

Mwana Lubumbashi

Aksanti kwa kusema wazi. Kaka nitamtumia huu uzi. Atakasirika, lakini atasoma.

Nyota ya Umoja

Jane Manning James sisi tunamjua na tunampenda. Wenyeji wa kule pia mmewasahau, Wayuti na Wapayuti. Hayo mabonde hayakuwa matupu.

Mchokonozi

@Nyota, kweli kabisa. Mfereji wa kila riwaya unapita kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, na katika hadithi hizi ardhi inaanza kuwepo siku mlowezi anapoifikishia maji. Rupert Ames na Dry Bench yake ni mfano mzuri. Jangwa likipata maji, msomaji anatarajiwa ashangilie tu.

Kapteni Mstaafu

Sasa mkuu, ukiniambia nisome kimoja tu, kipi? Na usiniambie cha mbinguni.

Mchokonozi

Dorian, Kapteni. Nephi Anderson huyo huyo, mwaka 1921, miaka miwili kabla ya kufariki. Utadhani kaandika mtu mwingine.

Dorian Trent ni kijana wa kijiji cha Greenstreet, anaishi na mama yake mjane. Sura ya kwanza ametumwa mjini kununua viatu. Anarudi na vitabu. Jirani yupo mzee aitwaye Uncle Zed, msomaji, anayemlea kifikra na kumwachia kazi ya kupatanisha sayansi na imani. Na jirani mwingine ni Carlia Duke, binti wa mkulima, anayefanyishwa kazi kama punda: ndoo, maziwa, nguruwe, bila likizo.

Kisha Carlia anatoweka. Alirubuniwa na mwanaume wa nje, akapata mimba, akaondoka bila kuaga. Kwa kanuni za 1909 huyu ni Ellen mwingine, tunasubiri kaburi. Anderson hafanyi hivyo. Mtoto anafariki, Carlia anaishi. Dorian anamtafuta mpaka anampata, anaambiwa yote, na hasamehi papo hapo. Anaondoka kwenda kutembea milimani na hasira zake. Baadaye anarudi. Carlia naye anarudi Greenstreet, na wanaoana.

Hapa ndipo naona fasihi ya nyumbani imekomaa. Swali limehama kutoka kwa adui aliye nje na kuja kwa jamii yenyewe: mtu wako akipotea, nani anaondoka nyumbani kwenda kumtafuta, na akirudi mnamweka wapi? Miaka 20 baadaye, mwaka 1941, Maurine Whipple aliandika The Giant Joshua kuhusu walowezi wa St. George waliotumwa kusini mwa Utah 1861, na yeye akauliza kwa ukali zaidi gharama ya kujenga mji ilibebwa na mgongo wa nani. Wengi wanaona Whipple alivunja mila ya akina Anderson. Mimi naona mlango ulikuwa umeshafunguliwa na Carlia.

Mama Salha

Nimeipata hiyo Dorian, nimeimaliza. Nakubaliana na wewe nusu. Kwamba hakumuua binti, nampa heko mwandishi. Lakini mwanangu, ukirudia kuisoma, mwangalie yule Carlia kabla hajaondoka. Kijiji kizima kinamwona anabeba ndoo. Wanasali pamoja kila Jumapili, wanagawana maji kwa zamu bila kuibiana, mzee Zed anajua habari za nyota na sayari, na hakuna hata mmoja anayekwenda kumwambia baba yake ampumzishe mtoto. Dorian anampokea ndoo, basi. Huyo tapeli alimkuta binti ameshachoka.

Mchokonozi

Mama, hilo sikuliona hivyo. Wacha nirudi kwenye zile sura za mwanzo, kesho nakuja na majibu. @Tarimo, usianze kuchochea mpaka nirudi.

Tarimo wa Kiborloni

Mimi nipo kambini. Mama Salha, wewe na mimi tufungue wetu kuhusu Ellen.